Mti wa mtaani huanzia kwenye ndoo ya maganda

Waulize wakazi wa mji wowote wanataka nini kifanyike ili mazingira yao yapendeze, na majibu matatu hayakosi: miti ipandwe, taka zipungue, maji yasituame barabarani kila inyeshapo mvua. Majibu ni sahihi. Tatizo ni kwamba huandikwa kama mambo matatu mbalimbali, yakapelekwa kwa watu watatu mbalimbali, kila mmoja akamsubiri mwenzake. Ndiyo maana miti hupandwa kwa sherehe na kukauka kabla ya mvua nyingine, taka za jikoni husafirishwa hadi dampo zikaoze huko, na maji ya paa yakamwagwa mtaroni Jumatatu ilhali Ijumaa mtu anamwagilia mche kwa maji ya bomba.

Ukiyaweka matatu haya kwenye uwanja mmoja, yanalishana. Maganda yanakuwa mboji, mboji na maji ya paa vinakuza mti, majani ya mti yanarudi kwenye mboji. Kaya nane au kumi zinaweza kuyafanya zenyewe, ilimradi hesabu zikae sawa. Nitakaa zaidi kwenye mboji, kwa sababu ndiyo inayokosewa mara nyingi, na ikikosewa mtaa mzima unajua kwa pua.

Sanduku la mboji: hesabu kabla ya misumari

Kwanza, kwa nini tujisumbue? Taka za jikoni zikifukiwa dampo bila hewa hutoa methani, gesi ambayo kwa kipindi cha miaka 100 huipasha dunia joto takriban mara 28 kuliko uzito uleule wa kaboni dayoksaidi. Taka hizohizo zikioza penye hewa hutoa methani kidogo sana. Kazi nzima ya sanduku la mboji, basi, ni kuingiza hewa. Mengine yote ni maelezo ya namna ya kufanya hivyo.

Chukua kaya 8. Tuseme kila moja inatoa kilo 1 ya maganda na mabaki ya mboga kwa siku. Kwa wiki ni kilo 56. Kilo moja ya maganda mabichi hujaza kama lita 2 za ndoo, kwa hiyo una lita 112 za kibichi. Kila ndoo ya kibichi inataka ndoo mbili za kikavu: majani makavu, nyasi zilizokauka, maboksi yaliyochanwachanwa, vumbi la mbao. Hizo ni lita 224, yaani magunia mawili makubwa na ushee, kila wiki. Irudie hesabu hiyo kabla hujanunua mbao. Maganda hayapungui kamwe. Kinachopungua ni kikavu, na sanduku lisilo na kikavu ni pipa la uvundo lenye pembe nne. Anayetaka kuanzisha mradi huu aanze kwa kutafuta nani anafagia majani, nani ana karakana ya useremala, nani anatupa maboksi. Akishapata magunia kumi yaliyofunikwa yasinyeshewe, ndipo apige msumari wa kwanza.

Sababu ya uwiano huo ni kwamba vijidudu vinavyoozesha hutumia kaboni kama kuni na nitrojeni kujengea mwili, na hufanya kazi vizuri kaboni ikiwa mara 25 hadi 30 ya nitrojeni. Maganda ya jikoni yana kama mara 15 hadi 20, majani makavu mara 40 hadi 80. Vumbi la mbao linapita mara 300, tena linashikana na kuziba hewa, hivyo lichanganye na majani. Usilitegemee peke yake. Na lisitoke kwenye mbao zilizotiwa dawa wala zile za kubandikwa kwa gundi.

Masanduku yawe matatu, kila moja mita 1 kwa mita 1 kwa mita 1. Chini ya hapo lundo linapoteza joto haraka kuliko linavyolizalisha. Ukipandisha kimo zaidi ya mita 1 na nusu, uzito wa juu unakandamiza chini na hewa inaisha. Mbao za ukuta ziachane sentimita 1. Mbao za mbele ziwe za kuchomoa moja moja, kwa sababu hakuna mtu atakayeinua koleo juu ya ukuta wa mita moja zaidi ya mara mbili. Sakafuni tandika wavu wa chuma wenye matundu yasiyozidi milimita 6: panya mdogo hupita kwenye tundu kubwa kuliko hilo, lakini minyoo wa ardhini wanapita bila shida. Masanduku yakae juu ya udongo, si juu ya zege, maji yake yapate pa kwenda, na yawe na kifuniko cha bati au turubai. Mahali pake ni kivulini, mbali na madirisha ya watu lakini kando ya njia inayopitwa kila siku. Sanduku lililofichwa nyuma ya uwanja halina wateja.

Chini kabisa weka vijiti na matawi membamba, sentimita 15 hadi 20, kwa ajili ya hewa. Kuanzia hapo utaratibu ni mmoja: mtu anamwaga ndoo yake, anaifunika kwa ndoo mbili za kikavu, anarudisha kifuniko. Maganda yakionekana juu, kazi haijaisha. Gunia la kikavu likae palepale na kikombe cha kuchotea ndani yake. Likiwekwa hatua ishirini kutoka sandukuni, nusu ya watu hawatafunika. Nyama, samaki, mafuta ya kupikia, maziwa na kinyesi cha mbwa au paka havimo. Mifuko iliyoandikwa kwamba inaoza nayo haimo, maana mingi huhitaji joto la mitambo mikubwa lidumu kwa wiki nyingi, na sanduku la mtaani halilifikishi.

Kwa kaya 8, sanduku la kwanza litajaa baada ya wiki nne hivi, kwa kuwa lundo linaendelea kushuka huku likijazwa. Usishangae likiwa vuguvugu tu kipindi hicho. Lundo linalojazwa kidogo kidogo halichemki sawasawa. Joto lenyewe huja siku unapoligeuza lote kwenda sanduku la pili, ukichanganya na kunyunyizia maji. Ndani ya siku mbili au tatu linapanda hadi nyuzi 55 au 65 za Selsiasi. Kama huna kipimajoto, chomeka nondo hadi katikati, uiache dakika kumi, kisha uichomoe na kuishika. Ukiweza kuikamata kwa raha, lundo halijachemka. Ukilazimika kuiachia baada ya sekunde chache, umefika. Nyuzi 55 zikidumu siku tatu mfululizo huua mbegu nyingi za magugu na vimelea vingi vya magonjwa, lakini ni kwa kile kilichokuwa katikati tu. Ndiyo maana unageuza kila wiki, cha nje kiingie ndani. Zikipita 70, vijidudu vyenyewe vinaanza kufa, kwa hiyo geuza siku hiyohiyo.

Maji yapimwe kwa ngumi. Chukua konzi ya lundo uikamue kwa nguvu. Yakitoka matone mawili matatu kati ya vidole, ni sawa. Yakichuruzika, ongeza kikavu. Konzi ikimomonyoka ukifungua mkono, nyunyizia.

Makosa mengine yanajitaja yenyewe. Harufu kali inayochoma pua ni amonia: kibichi kimezidi, changanya majani makavu. Harufu ya mayai yaliyooza ni ukosefu wa hewa, kwa kawaida chini ambako maji yamejikusanya. Geuza lote, rudisha vijiti chini. Lundo baridi lisilonuka chochote ama ni kavu, ama lina vumbi la mbao kupita kiasi, ama ni dogo. Siafu na sisimizi wakihamia, jua lundo limekauka. Inzi wadogo maana yake kuna mtu hafuniki, na hapo dawa ni kuzungumza naye, si kupuliza kitu. Ukikuta funza wakubwa wa rangi ya kijivu au kahawia wanaosokota maganda kwa fujo, usiwaue. Ni mabuu wa inzi mweusi asiyeingia majumbani, na wanakula taka haraka kuliko chochote utakachonunua.

Wiki nne sanduku la pili, wiki nne la tatu bila kugeuza, lipoe na kukomaa. Jaribio la kukomaa ni hili: jaza konzi tatu kwenye mfuko, ufunge, uache siku tatu, ufungue na kunusa. Harufu ya udongo baada ya mvua ni jibu zuri. Uchachu au uvundo, subiri tena. Kuna wanaoharakisha wakaweka mboji changa kwenye miche, miche ikawa ya njano, wakaapa kwamba mboji haifai. Mboji changa hunyang'anya udongo nitrojeni ili imalizie kuoza. Iliyokomaa pitisha kwenye chekeche la matundu ya milimita 10; vipande vikubwa virudi sanduku la kwanza, vitachochea lundo jipya.

Maji ya paa

Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Hesabu haina siri zaidi ya hiyo. Paa la mabati la mita 60 za mraba likipata mvua ya milimita 20 linatoa lita 1,200. Toa asilimia 15 za kinachoruka na kukauka, unabaki na lita 1,020. Mvua moja ya wastani, tangi la lita 1,000 limejaa. Ndiyo maana sioni sababu ya kukusanya paa la kila nyumba mtaani. Paa moja lenye mifereji mizuri linatosha kuanza.

Mfereji wa paa uteremke milimita 5 hadi 10 kwa kila mita na ushikwe kila baada ya sentimita 60, la sivyo utalegea katikati, utuamishe maji na kuzalisha mbu. Ukubwa wake: sentimita 1 ya mraba ya uwazi kwa kila mita ya mraba ya paa linalomwagikia mfereji huo. Kwa mita 60, mfereji wa nusu duara unahitaji upana wa sentimita 12 na nusu. Chukua wa 15, kwa sababu majani hayasomi hesabu.

Maji ya mwanzo yana vumbi, vinyesi vya ndege na masizi, kwa hiyo yatengwe. Nusu milimita ya kwanza kwa paa hilo ni lita 30. Watu wengi huweka bomba la kusimama la milimita 110 lenye urefu wa mita moja, wakaridhika. Bomba hilo linabeba lita 8 au 9 tu, yaani chini ya theluthi ya kinachotakiwa. Dumu la lita 30 lenye kizibo, likiwa limekaa juu ya kiti imara, linafanya kazi vizuri zaidi. Linajaa kwanza, mpira unaoelea ndani yake unaziba shingo, na maji yanayofuata yanakwenda kwenye tangi. Chini yake toboa tundu la milimita 2 ili lijitoe polepole kabla ya mvua nyingine. Tundu hilo ndilo linaloua mfumo. Punje moja ya mchanga inaliziba, dumu linabaki limejaa, mvua inayofuata inapeleka uchafu wote kwenye tangi, na hakuna anayejua hadi maji yatoke na rangi. Weka kifuniko cha kufungua chini ya dumu na usafishe kila baada ya mvua kubwa.

Tangi la lita 1,000 likijaa lina uzito wa tani moja, mbali na tangi lenyewe, hivyo msingi uwe wa zege au kokoto zilizoshindiliwa, si matofali manne yaliyosimamishwa pembeni. Koki ikae juu kiasi cha ndoo kuingia chini yake, na ndani iwe sentimita 5 juu ya sakafu ya tangi, tope libaki palepale. Kila mdomo, ukiwemo wa bomba la kufurikia, uvae wavu wenye matundu yasiyozidi milimita 1. Mbu anahitaji kama siku 7 hadi 10 tu kutoka yai hadi kuruka, na wavu uliochanika ni mbaya kuliko kukosa tangi. Bomba la kufurikia lisiwe jembamba kuliko la kuingizia, na mdomo wake uelekee kwenye shimo la mti, si kwenye uwanja wa jirani. Bandika maandishi makubwa: si ya kunywa. Paa likiwa la vigae vya asbesto au lina rangi ya zamani yenye risasi, maji yake yasiguse bustani ya mboga.

Mti wenyewe

Mche uliotoka kitaluni unataka lita 20 hadi 40 kwa wiki katika miaka yake miwili ya kwanza, zikigawiwa mara mbili, si kikombe kila asubuhi. Kikombe cha kila siku kinalowesha sentimita mbili za juu na kuifundisha mizizi kukaa huko huko. Miti 10 kwa lita 30 ni lita 300 kwa wiki, na tangi letu linaisha kabla wiki ya nne haijakwisha. Kwa hiyo tangi halivushi kiangazi kirefu peke yake, na atakayekuambia miti 100 kwa tangi moja hajapiga hesabu. Panda mwanzo wa mvua, na upande michache unayoweza kuikumbuka kwa majina.

Kabla ya kupanda, chimba shimo la sentimita 30, lijaze maji, likinywa lijaze tena. Maji ya mara ya pili yakiwa bado yapo baada ya saa 24, hapo mizizi itazama, tafuta pengine. Shimo la kupandia liwe na kina cha bonge la mizizi tu, lakini upana wake mara mbili au tatu. Watu hufanya kinyume: shimo refu jembamba, kama la nguzo. Mche unashuka, shina linafukiwa, gome linaoza taratibu, na mti unakufa mwaka wa tatu au wa nne wakati kila mtu ameshasahau sababu. Pale shina linapopanuka kuelekea mizizi paonekane juu ya ardhi. Mizizi iliyozunguka ndani ya kiriba ikatwe kwa kisu pande tatu nne, la sivyo itaendelea kuzunguka hadi ijinyonge.

Mboji usiichanganye ndani ya shimo. Mizizi ikikuta chakula kizuri hapo hapo haina haja ya kutoka kwenda kwenye udongo wa kawaida. Itandaze juu, sentimita 3, kisha juu yake matandazo ya majani au vipande vya mbao sentimita 5 hadi 10, ukiacha nafasi ya kiganja kuzunguka shina. Kigingi kifungwe chini, kwenye theluthi ya kwanza ya urefu, kwa ukanda mpana ulioregea, ili mti uyumbe kidogo. Kuyumba ndiko kunakonenepesha shina. Baada ya mwaka, ondoa. Kamba iliyosahaulika huua kama shoka, polepole tu.

Kwa kumwagilia, ndoo ya lita 20 iliyotobolewa tundu la milimita 3 karibu na sakafu yake inashinda mpira wa maji. Unaiweka kando ya mche, unaijaza, unaondoka. Maji yanazama mahali pamoja badala ya kukimbilia barabarani.

Na barabara yenyewe ina maji. Palipo na ukingo wa zege, kuukata sentimita 30 hadi 45 mbele ya shimo la mti na kushusha uso wa shimo sentimita 10 chini ya lami kunaingiza maji ya mvua moja kwa moja. Weka mawe pale yanapoingilia yavunje kasi na kushika mchanga, na uchote mchanga huo kila baada ya mvua chache. Hili linahitaji kibali, na usilifanye kando ya gereji au mahali panapomwagwa mafuta.

Karatasi moja ya kupeleka kwa wenye mamlaka

Mwaka 1989 wakazi wa Porto Alegre, Brazili, walianza vikao vya kuamua sehemu ya bajeti ya jiji lao, na mtindo huo umeigwa katika miji mingi. Bogotá, Kolombia, ilianza mwaka 1974 kufungia magari baadhi ya barabara kwa siku maalumu, na leo zaidi ya kilomita 100 huachiwa baiskeli na watembea kwa miguu kila Jumapili na sikukuu. Hilo la pili halijengi chochote. Linahitaji vizuizi, watu wa kusimama kwenye makutano, na saa inayoheshimiwa. Nalipenda kwa sababu likishindikana, kesho yake barabara ni ileile.

Ombi lenu nalo liwe na sifa hiyo. Karatasi moja: mahali penyewe kwa mita kutoka kitu kinachojulikana, ramani ya mkono inayoonyesha nyaya za juu na mabomba ya chini, nafasi ya mita 1 na nusu inayobaki kwa wapitao, muda wa majaribio wa wiki 12, na mstari unaosema nani atang'oa kila kitu na kurudisha mahali kama palivyokuwa iwapo halikufaa. Mstari huo wa mwisho ndio unaomfanya ofisa aweze kusaini. Bila huo, unamwomba abebe lawama za milele.

Ndani ya wiki hizo 12 pimeni. Mizani ya kuning'iniza karibu na sanduku inatosha, na daftari lenye safu tano: kilo zilizoingia, magunia ya kikavu yaliyobaki, joto, kimo cha maji ndani ya tangi, na namba ya mti uliomwagiliwa. Magunia yakishuka hadi mawili, sanduku lifungwe kwa maganda mapya hadi kikavu kipatikane. Iandikeni kanuni hiyo kwenye jalada ili asilaumiwe mtu. Ukurasa wa nyuma uwe na jina la anayeshika ufunguo wiki hii, na jina la atakayeushika huyo akisafiri.